Nunua daftari kabla hujakadiriwa

Wafanyabiashara wawili wanauza vitenge soko moja, meza zao zimepakana. Kila mmoja kwa mwaka anauza mzigo wa shilingi milioni 5. Machi inapofika, wote wawili wanakwenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kukadiriwa. Wa kwanza anatoka na kodi ya shilingi 100,000. Wa pili anatoka na kodi ya shilingi 30,000. Hakuna aliyetoa kitu kidogo, hakuna mwenye shemeji ndani ya ofisi ile, na hakuna aliyesema uongo. Wa pili alikwenda na daftari.

Hao wawili nimewatunga, lakini hesabu yao sikuitunga. Imo kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, katika jedwali linalowahusu wafanyabiashara wadogo, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Kwa mtu binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 100, sheria inatoza kodi kwa kuangalia mauzo, bila kudai hesabu za faida na hasara. Ndiyo hiyo tunayoiita makadirio. Mauzo yasiyozidi milioni 4 hayatozwi kitu. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000, liwe jua iwe mvua. Anayetunza analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4 tu. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiyetunza analipa 250,000. Anayetunza analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Ukivuka milioni 11, safu ya wasio na kumbukumbu inafutika kabisa. Huko, tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, unatozwa asilimia 3.5 ya mauzo yote, na risiti za mashine si jambo la hiari tena.

Sasa mchukue fundi cherehani anayeuza milioni 7 na nusu kwa mwaka. Akiwa na daftari atalipa 105,000. Akikosa daftari atalipa 250,000. Shilingi 145,000 zimekwenda kwa sababu ya kitu kinachouzwa duka la vifaa vya shule kwa bei ya soda mbili au tatu. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tumeuandika msemo huo kwenye kuta za maduka, kisha tukaendelea kuuza bila daftari chini ya ukuta uleule.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu mwenye fremu, mwenye meza, mwenye kibanda cha chipsi, mwenye saluni ya viti viwili: kabla hujafunga leo, anza kuandika. Sikuombi uipende kodi. Sijakutana na mtu anayeipenda. Ninachokuomba ni kwamba siku utakapoketi mbele ya afisa, namba itakayozungumzwa iwe yako, isiwe ya kwake.

Maana mambo huenda hivi. Afisa hakujui. Amekwishawasikia watu wengi tangu asubuhi, na kila mmoja amemwambia biashara mwaka huu ni mbaya. Wewe nawe unaketi na kumwambia hivyohivyo. Atauliza unalipa pango kiasi gani, fremu iko mtaa gani, una vijana wangapi, rafuni kuna mzigo wa thamani gani. Atapiga hesabu yake na kukuambia mauzo yako. Ukimbishia kwa maneno, ni neno lako dhidi ya kalamu yake. Ukifungua daftari ukamwonyesha mauzo ya Januari, ya mwezi wa Ramadhani, ya msimu wa shule kufunguliwa, na ile wiki mvua iliponyesha hukuuza kitu, mazungumzo yanabadilika. Anaweza bado kukuuliza maswali magumu, ndiyo kazi yake, ila sasa anauliza juu ya karatasi yako.

Na daftari lenyewe si elimu ya chuo kikuu. Tarehe, umeuza nini na kwa shilingi ngapi, umenunua nini na kwa nani, umetumia nini kuendesha biashara: pango, umeme, nauli ya mzigo, mshahara wa kijana. Kila jioni, kabla ya kuhesabu fedha ya kununulia unga wa nyumbani. Risiti zikae kwenye bahasha, bahasha moja kila mwezi. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: fedha ya duka na fedha ya nyumba zinalala kibubu kimoja, na anayekuja kuchukua ya sukari haulizi ni ya nani.

Lipa namba imelifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Siku hizi hata muuza matunda ana namba ya kulipia kwenye simu, na miamala yake yote inabaki kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu. Ukipokelea ada ya mtoto wa dada yako humo, na mchango wa harusi ya jirani, na zamu yako ya mchezo wa upatu, siku ukiulizwa mauzo yako yote hayo yatasomeka kama umeuza. Tenga laini. Ya biashara iwe ya biashara, na michango ya shughuli ipitie kwingine.

Nimesema makadirio yanaangalia mauzo. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi za watu wadogo zinapopotea kwa kutojua.

Mauzo si faida. Mama lishe anayeuza sahani 30 kwa siku, kila sahani shilingi 2,500, anaingiza 75,000. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, hiyo ni milioni 22 na nusu. Hakuna mtu mtaani anayemwona mama huyu kuwa tajiri, naye hajioni hivyo, lakini kwa sheria amekwishavuka milioni 11 zamani, na asilimia 3.5 ya mauzo yake ni shilingi 787,500. Tuseme baada ya mchele, mafuta, nyama, mkaa, pango na mshahara wa msaidizi anabakiwa na milioni 4 na nusu kwa mwaka mzima. Kodi imechukua zaidi ya moja ya sita ya kilichobaki. Sasa mtazame mwenye duka la jumla la sukari na unga. Anauza milioni 60, lakini kwenye sukari faida ni nyembamba, na mwisho wa mwaka anabakiwa na milioni 4. Asilimia 3.5 ya milioni 60 ni milioni 2 na laki moja. Zaidi ya nusu ya jasho lake.

Wengi wanaishia hapo, wanalalamika, wanalipa au wanafunga. Lakini sheria hiyohiyo ina mlango wa pili, na sijui kwa nini hautangazwi kwa sauti kama ule wa kwanza. Mtu binafsi anaweza kuchagua, kwa mwaka husika, kutotumia makadirio. Badala yake anawasilisha hesabu za faida na kutozwa kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi: shilingi 3,240,000 za kwanza za faida ya mwaka hazitozwi kitu, zinazofuata hadi 6,240,000 zinatozwa asilimia 8, kisha 20, kisha 25, na kinachozidi milioni 12 kinatozwa asilimia 30. Yule wa sukari mwenye faida ya milioni 4 angelipa asilimia 8 ya shilingi 760,000 tu. Hiyo ni shilingi 60,800, badala ya milioni 2 na laki moja. Mama lishe wetu angelipa 100,800 badala ya 787,500.

Usikimbilie mlango huo kabla hujapiga hesabu, kwa sababu si kila mtu unamfaa. Mwenye saluni anauza milioni 20 kwa mwaka. Gharama zake ni chache, kazi ni ya mikono, na anabakiwa na milioni 12. Kwa makadirio atalipa 700,000. Kwa hesabu za faida atalipa 1,536,000. Huyu abaki alipo na ashukuru. Kwa ujumla, biashara yenye faida nyembamba juu ya mauzo makubwa ndiyo inayostahili kufikiria njia ya hesabu. Biashara ya huduma, yenye gharama ndogo, mara nyingi inapumua vizuri zaidi kwenye makadirio. Nimesema mara nyingi, sikusema daima. Kila mmoja apige ya kwake.

Na njia ya hesabu ina mwiba wake. Gharama unayotaka itolewe kwenye faida lazima uithibitishe, na manunuzi yasiyo na risiti ni kama hayakuwapo. Mwenye sukari ananunua kwa msambazaji mwenye mashine, kwa hiyo anaweza kudai risiti, na lazima adai, hata akiambiwa bei ya bila risiti ni nafuu. Unafuu huo unaurudisha mara kadhaa kwenye kodi. Lakini mama lishe ananunua nyanya kwa mama mwenzake aliyezitandaza chini, na mkaa kwa kijana mwenye baiskeli. Atapata wapi risiti ya mashine? Hapa siwezi kumwambia mama lishe kwamba jambo ni rahisi. Aandike kila manunuzi kwa tarehe, jina la muuzaji na namba ya simu yake, alipie kwa simu panapowezekana ili alama ibaki, na aende kuuliza mapema, si siku ya kuwasilisha hesabu, ni ushahidi wa aina gani utakubaliwa kwa mazao ya shambani. Na sisi wengine tulisemee jambo hili pale linapoweza kubadilishwa, nitafika huko.

Kuna watu wanaodhani wamo kwenye makadirio nao hawamo. Makadirio ni ya mtu ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara. Mwalimu mwenye duka la vifaa vya shule kwa jina lake, nesi mwenye duka la vipodozi, askari mwenye bodaboda tatu: hawa wana mshahara, na mshahara si biashara. Vilevile kampuni iliyosajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, hata ikiwa na mtu mmoja na kompyuta moja, haimo humo. Vijana wanapenda kusajili kampuni ili kadi ya biashara ipendeze. Kabla ya kufanya hivyo waulize kampuni inadaiwa nini kila mwaka, iuze isiuze.

Na ukifunga biashara, nenda ukaseme umefunga. Namba ya mlipa kodi haijui kwamba ulihama mtaa au mtaji ulikata. Watu wamerudi mjini baada ya miaka, wakitaka kuanza upya, wakakuta deni la fremu ambayo sasa ni duka la simu la mtu mwingine.

Sasa mabadiliko. Kila Juni, Waziri wa Fedha husimama Bungeni Dodoma kusoma bajeti, Bunge hupitisha Sheria ya Fedha, na kuanzia Julai 1 viwango vipya vinaanza. Jedwali nililolieleza hapo juu limekwishasogezwa zaidi ya mara moja, na linaweza kusogezwa tena Juni yoyote. Kwa hiyo namba zangu zichukue kama mfano wa namna ya kufikiri, na kabla ya kulipa omba jedwali la mwaka wako. Hotuba ya bajeti ni ndefu, inasomwa kwa Kiswahili, na sehemu kubwa yake ni barabara, reli na takwimu za uchumi. Ukishindwa kuisoma yote, ruka hadi sehemu ya maboresho ya mfumo wa kodi, karibu na mwisho. Humo ndimo walimokuandikia wewe.

Mifano ya miaka ya karibuni iko wazi. Mwaka 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili kwenye kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kilipandishwa kutoka milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayeuza milioni 150, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko mengi yaliyotangazwa redioni wiki ile. Mwaka 2021 tozo ya ufundi stadi iliondolewa kwa waajiri wenye wafanyakazi chini ya 10. Kabla ya hapo ilianzia wafanyakazi wanne. Kwa ndugu zetu wa Zanzibar mambo yamegawanyika: kodi ya mapato ni ya Muungano, ila VAT ya huko ina sheria yake na inasimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), basi msichukue kila kitu kinachotangazwa Dodoma mkakibandika sokoni Darajani.

Walioajiriwa nao wasijione wako salama kwa kuwa kodi inakatwa kabla hawajaiona. Chukua karatasi yako ya mshahara. Mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi ya mshahara (PAYE). Na kodi hukokotolewa baada ya kutoa mchango wako wa hifadhi ya jamii, si kabla. Mwenye mshahara wa 500,000 anayechangia asilimia 10 NSSF anabaki na 450,000 za kutozwa. Asilimia 8 ya kile kilichozidi 270,000 ni shilingi 14,400. Ukikuta umekatwa 18,400, mhasibu wako amekokotoa juu ya mshahara mzima. Shilingi 4,000 kwa mwezi si nyingi, lakini ni zako, na kwa mwaka zinanunua mfuko mzuri wa mchele. Mwulize kwa upole. Mara nyingi ni jedwali la kompyuta alilolirithi kwa aliyemtangulia.

Wapangaji, nanyi mko humu. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa unaponunua umeme wa LUKU. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni wewe. Tunza ujumbe wa kila ununuzi na mkubaliane na mwenye nyumba namna ya kuzirudisha, tena mkubaliane siku ya kuandikishana mkataba, si siku ya kugombana.

Kwa walio kwenye makadirio, kodi ya mwaka inaweza kulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, mwisho wa Juni, mwisho wa Septemba na mwisho wa Desemba. Na jambo ambalo wengi hawalijui: makadirio ya mwanzo wa mwaka si hukumu. Ukikadiriwa Machi kwa matumaini, kisha Mei barabara ya mbele ya duka ikachimbwa na wateja wakakata mguu, una haki ya kuomba makadirio yarekebishwe. Utaulizwa ushahidi. Tumerudi kwenye daftari.

Usipokubaliana na kadirio, weka pingamizi kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu ulipopewa. Siku 30, si baada ya msimu. Sheria inataka uweke amana: theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au ile sehemu usiyoibishia, yoyote iliyo kubwa zaidi. Ukiwa na sababu za msingi unaweza kumwomba Kamishna aipunguze au aisamehe amana hiyo. Usiporidhika na majibu, kuna Bodi ya Rufani za Kodi, juu yake Baraza la Rufani za Kodi, na juu yake Mahakama ya Rufani. Na kama tatizo lako si kiwango bali namna ulivyotendewa, umezungushwa, umefokewa, faili lako limelala, kuna TOST, Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, iliyotokana na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019. Kazi yao ni kusikiliza malalamiko ya namna hiyo.

Usimpelekee kishoka shauri lako. Namwona kila ofisi ya umma, ana bahasha ya kaki na simu mbili, anakwambia mpe laki atakumalizia. Namba ya mlipa kodi inatolewa bure. Malipo ya kodi yanapitia benki au simu kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na fedha yoyote unayoiweka mkononi mwa mtu si kodi. Kishoka akitoweka, deni linabaki na jina lako.

Najua hofu hii inatoka mbali. Baba zetu walikimbizwa na mgambo kwa ajili ya kodi ya kichwa. Wapo waliolala porini ili wasikamatwe, na kodi ile, kwa jina lake la mwisho la kodi ya maendeleo, ilifutwa mwaka 2003 tu. Mtu aliyekua akiona hivyo hawezi kuingia ofisi ya kodi na moyo mweupe. Na hata karibuni, Mei 2023, soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lilifungwa siku tatu, wafanyabiashara wakilalamikia kikosi kazi kilichokuwa kikikamata mizigo na utaratibu wa kusajili stoo, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yakafungwa tena, na safari hii mgomo ukasambaa mikoani. Mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akaunda Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Siwezi kusema kufuli la mlangoni halisikiki. Linasikika. Ila linamgharimu mwenye mlango kwanza, na kuna sehemu za kusemea kabla ya kufika huko.

Kumbuka tozo ya miamala ya simu. Ilianza Julai 15, 2021, watu wakalalamika kuanzia vibanda vya wakala hadi magazetini, na Septemba mwaka uleule viwango vikashushwa kwa asilimia 30, kisha vikaendelea kupunguzwa miaka iliyofuata. Kila mwaka Muswada wa Sheria ya Fedha hupitia Kamati ya Bunge ya Bajeti, na kamati hualika maoni ya wadau. Wenye mabenki na viwanda hupeleka watu wenye tai na makaratasi yaliyojalidiwa. Mama lishe hana mwakilishi pale, isipokuwa chama chake kiandike.

Basi kiandike, na kisiandike malalamiko matupu. Kiandike namba. Kuna jambo moja ningependa lipelekwe na kila chama cha soko nchini. Mwenye kumbukumbu anayeuza milioni 10.9 analipa 207,000. Akiuza milioni 11.1 analipa 388,500. Mauzo yameongezeka kwa laki mbili, kodi imeongezeka kwa 181,500, na faida ya hizo laki mbili haifiki hapo hata kwa muuza maji ya kisima. Ngazi ya namna hii inamfundisha mtu mwaminifu kuacha kuandika mwezi Novemba. Ukikaa na wabunge ukawaonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi moja, huhitaji kupaza sauti. La pili ni lile la nyanya na mkaa: ushahidi gani unatosha kwa anayenunua kwa mkulima asiye na mashine. Madaftari ya mama lishe hamsini wa soko moja, yakijumlishwa, yatasema zaidi ya hotuba.

Nanyi mliosoma, wahasibu vijana mnaosubiri ajira, walimu wa biashara, makatibu wa vikundi vya kuweka na kukopa (VICOBA) mnaojua kuchora mistari iliyonyooka: tengeni Jumamosi moja kila mwezi mkae sokoni na meza. Mfundisheni mtu kupiga hesabu ya milango miwili kwa namba zake mwenyewe, na atawalipa kwa sahani ya wali, pengine zaidi. TRA wana kitengo cha elimu kwa mlipa kodi kila mkoa. Uongozi wa soko uwaandikie barua kuwaalika Januari, kabla ya makadirio, waje bila kikosi na bila gari la kubeba mizigo. Na jedwali la mwaka huu libandikwe ukutani kwenye ofisi ya soko, kwa Kiswahili, karibu na ratiba ya usafi, kwa herufi ambazo mtu wa miaka sitini ataziona bila kuazima miwani.